Sangara alidharauliwa, leo bondo lake linapimwa kwa gramu

Wafanyabiashara wana msemo wao wa zamani kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ni wa kweli siku nyingi za soko, lakini haumsaidii mchuuzi pale kile kilichoitwa kibaya kinapogeuka kuwa kizuri. Na ni katika mgeuko huo ambapo wengine hutajirika na wengine hubaki wakishangaa. Mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki ni sangara wa Ziwa Victoria, ambaye Wakenya humwita mbuta na Waganda mputa.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hilo. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliounga mkono jambo hilo walitaka samaki mkubwa atakayewala furu, samaki wadogo wenye miiba ambao wataalamu wa wakati huo waliwaona hawana thamani sokoni. Kwa hiyo hata kuja kwake kulitokana na dharau kwa samaki mwingine, ingawa furu hao walikuwa kitoweo cha kila siku cha wakazi wa mwambao wa ziwa.

Kwa miaka karibu 20 sangara hakusikika sana. Ilipofika miaka ya 1980 akajaa ziwani, na furu wakaanza kutoweka kwa mamia ya aina.

Mapokezi yake yalikuwa mabaya. Mama wa nyumbani aliyezoea kununua ngege mmoja au fungu la furu kwa chungu kimoja aliletewa samaki anayeweza kufikia zaidi ya kilo 100. Alilalamikiwa kwa mafuta yake mengi. Furu na ngege walianikwa juani wakakauka, lakini sangara hakukauka kwa jua, na kumbanika kulihitaji kuni nyingi. Wavuvi nao walilalamika kwamba anachana nyavu zao nyepesi. Bei yake ikawa chini ya ile ya samaki waliozoeleka.

SABABU YA CHUKI NDIYO BEI

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kutulia na kutazama vizuri. Malalamiko hayo karibu yote hayakuhusu ubaya wa samaki mwenyewe. Yalihusu vifaa na mazoea: nyavu hazikumfaa, njia ya kuhifadhi haikumfaa, na ukubwa wake haukulingana na mfuko wa mnunuzi. Kitu kinachochukiwa kwa sababu ya namna hiyo hakitabaki rahisi milele. Akipatikana mtu wa kuondoa kikwazo, bei inapanda.

Walioondoa kikwazo cha kwanza hawakuwa mabenki wala wawekezaji kutoka nje. Walikuwa akina mama wa mialoni. Waliyachuja mafuta ya sangara na kumkaanga kwa mafuta yake mwenyewe, wakamkata vipande na kumuuza kwa kipande. Yale mafuta yaliyokuwa lawama yakawa mtaji. Wavuvi nao walibadili nyavu na ndoano. Samaki waliovuliwa katika ziwa zima waliongezeka kutoka karibu tani 100,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi karibu tani 500,000 kufikia mwaka 1990. Baadhi ya watu Tanzania wakampa sangara jina la Mkombozi.

Kikwazo cha pili kiliondolewa na barafu. Viwanda vya minofu vilianza upande wa Kenya katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 vikajengwa Mwanza. Mnofu mweupe usio na miiba ulipata wanunuzi Ulaya, na huko Ujerumani ulijulikana kwa jina la Viktoriabarsch. Magari ya barafu yakaanza kufuata samaki mialoni, na mawakala wakawakopesha wavuvi nyavu na mashine kwa sharti la kuuziwa samaki wote.

Hapo akina mama waliomfanya sangara alike wakajikuta hawana uwezo wa kumnunua. Walichobakiziwa ni mifupa na vichwa baada ya minofu kutolewa, ambavyo Mwanza huitwa mapanki na Kisumu mgongo wazi. Mapanki nayo yalianza kama taka. Yakakaangwa, yakapata walaji, kisha yakapanda bei kwa sababu watengenezaji wa chakula cha mifugo nao waliyataka. Mwaka 2006 mapanki yalizua mjadala mkali Tanzania kutokana na filamu ya Darwin's Nightmare iliyotoka mwaka 2004. Wengi waliojadili walibishana kuhusu heshima ya nchi. Ni wachache waliouliza kwa nini mabaki ya samaki yalikuwa na soko la uhakika namna ile.

ZAMU YA BONDO

Dharau ya tatu ndiyo iliyoleta fedha nyingi zaidi. Bondo, yaani kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara, lilikuwa kitu cha kutupwa pamoja na matumbo. Baadaye likapata wanunuzi wa aina mbili: watengenezaji wa vinywaji waliolitumia kusafishia bia na mvinyo, na walaji wa China na Hong Kong ambao kwao supu ya bondo ni chakula cha heshima. Aina za samaki wa baharini waliotoa mabondo bora huko Asia zilivuliwa hadi zikaadimika, na macho ya wanunuzi yakageukia Ziwa Victoria. Leo kilo ya bondo kavu ina thamani mara nyingi zaidi ya kilo ya minofu. Tena bei haiendi kwa kilo peke yake: bondo hupangwa kwa madaraja kulingana na gramu zake, na bondo moja kubwa lina bei kuliko madogo kadhaa yenye uzito uleule.

Mvuvi asiyejua hilo huuza sangara mzima kwa bei ya nyama na kumpa mnunuzi bondo bure. Hakuibiwa na mtu. Ameuza kitu asichokijua, na soko halina huruma kwa mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana mizani ndogo ya gramu na taarifa za bei ya madaraja zina faida kwa mchuuzi wa mwaloni kuliko mkopo mkubwa anaouchukua bila kujua anachokinunua.

Lakini kuna upande mwingine ambao wapenda faida ya haraka hawaupendi kuusikia. Sangara aliponusurika na chuki, alianza kuhatarishwa na mapenzi. Samaki mwenye bondo kubwa ndiye samaki mzazi. Akivuliwa yeye kwa ajili ya bondo, na wachanga wakavuliwa kwa ajili ya chungu, hakuna atakayebaki. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua sangara walio chini ya sentimita 50, na Tanzania iliendesha Operesheni Sangara mwaka 2018 kupambana na uvuvi haramu. Hata hivyo, askari hawezi kukaa katika kila mwalo. Mnunuzi anayekubali sangara mchanga kwa sababu ni rahisi anapunguza mtaji wake wa mwaka unaofuata.

Vilevile, soko moja lenye mnunuzi mmoja mkubwa lina hatari yake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hilo kutokana na taarifa za matumizi ya sumu katika uvuvi. Wachache walitumia sumu, na wote wakaadhibiwa. Tanzania iliruhusiwa tena kuuza huko mwaka 2000, lakini wakala aliyekuwa na mkopo wa nyavu shingoni alikuwa ameshaonja uchungu wake. Bondo nalo leo linategemea mlaji wa mbali, ambaye anaweza kubadili ladha yake bila kumwuliza mtu wa Mwanza.

Kwa mwekezaji mdogo, habari ya sangara haina maana kwamba kila kinachodharauliwa kitapanda bei. Vingi hudharauliwa kwa haki. La kufanya ni kuuliza kwanza: kinachukiwa kwa ubaya wake, au kwa kukosa njia ya kukihifadhi, kukipika au kukisafirisha? Kama jibu ni hilo la pili, aingie mapema na kwa mtaji anaoweza kuumudu, kabla magari ya barafu hayajafika. Yakishafika, asikimbilie kushindana nayo. Atazame kile yanachokiacha nyuma.

Mfano mwingine uko mialoni palepale. Dagaa, ambao kwa miaka mingi walionekana chakula cha maskini, cha kuku na cha chambo, sasa husafirishwa kutoka mwalo wa Kirumba hadi Kongo. Wanaoendelea kuwaanika mchangani huuza kwa bei ya chakula cha kuku. Wanaowaanika kwenye chanja safi huuza kwa bei ya kitoweo. Ni dagaa walewale, wa ziwa lilelile, na tofauti ya bei ni ubao na wavu.