Hata mastiki iko na karatasi yake. Zebaki iko na nini?

Wandugu wachimbaji, mama zetu wa kutwanga na kuosha mawe, na ninyi wakubwa mnaosoma gazeti hili,

Chukueni tyubu ya mastiki ya akriliki, ile dawa nyeupe nzito ya kuziba nyufa za madirisha. Someni maandishi yake: isiingie machoni, nawa mikono na maji na sabuni, fungua madirisha, weka mbali na watoto. Kiwanda kinatoa pia karatasi ya usalama yenye sehemu 16. Inasema ndani muko nini, ikiingia jichoni ufanye nini, ikimwagika uiokote namna gani, mabaki utupe wapi.

Na mastiki hiyo si kitu kikali. Sehemu yake kubwa ni maji, unga wa chokaa na gundi. Hatari ambayo fundi anapaswa kuangalia zaidi ni dawa kidogo ya kuzuia ukungu, maana inaweza kuwasha ngozi ya watu wengine, na ngozi ikishaikataa, itaikataa siku zote. Kwa jambo dogo namna hiyo, watu wameandika karatasi nzima.

Sasa tuangalie kitu kingine, kile ambacho vitabu vinakiita zebaki na sisi tunakiita merkiri. Katika machimbo ya dhahabu ya Kasongo na Kabambare, toka Wamaza mpaka upande wa Salamabila, si kila shimo linaitumia. Wengine wanaosha na maji tu. Lakini pale inapoingia, inaingia namna gani? Ndani ya chupa ya maji au ya juisi. Hakuna etiketi, hakuna alama ya kichwa cha mufu, hakuna hata neno moja, si kwa Kifaransa, si kwa Kiswahili. Nusu litre yake inafika karibu kilo 7, na mtoto wa nyumbani anaweza kuiona kama kitu cha kucheza, juu inang'aa na kukimbia kimbia.

Tunasema wazi: kitu kinachoua ndicho kinachofika bila karatasi. Basi acha tuandike karatasi yake hapa.

Zebaki inashika dhahabu na kufanya nayo ujiuji mzito. Ujiuji huo tunaukamua katika kitambaa, tunauweka motoni, dhahabu inabaki. Zebaki inaenda wapi? Inakuwa moshi ambao mara nyingi huuoni wala huusikii harufu. Inachemka kwa digri 357, lakini hata bila moto, katika joto la kawaida la nyumba, inatoa hewa yake kidogo kidogo. Hewa hiyo inapita mapafuni, inaingia katika damu, inafika kwenye ubongo na figo. Mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anasahau, kichwa kinauma kila siku. Sisi tunasema ni malaria, ao tunasema jirani ameturoga. Mama mwenye mimba anapoivuta, mtoto wa tumboni naye anaipata.

Tena haiishi pale. Ile inayomwagika mtoni inageuka katika matope, inaingia ndani ya samaki, samaki anaingia katika sahani. Kule Japani, katika muji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki katika bahari. Mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa: watu waliokula samaki walipooza, watoto walizaliwa vilema. Ni jina la muji huo lililopewa mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Mapatano hayo yanataja mambo ambayo inchi zinapaswa kumaliza katika uchimbaji mdogo wa dhahabu, na mawili kati yao tunayajua sana: kuchoma ujiuji wa zebaki mahali pa wazi, na kuuchoma ndani ya makao ya watu.

Kuna wanaosema: basi serikali ikataze, mambo yaishe. Sisi wa sendika hatukubali kwamba neno moja linatosha. Mchimbaji anayedaiwa chakula, dawa na franga za mwenye shimo hatangoja. Ukikataza tu bila kumpa njia ingine, atachoma usiku, mlango umefungwa, watoto wamelala pembeni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunataka zebaki iishe katika kazi yetu, ndiyo. Lakini mpaka siku hiyo, mtu asife kwa kukosa kuambiwa.

Yanayoweza kufanywa leo hayaombi mamilioni. Osheni vizuri kwanza, ili zebaki iguse mchanga kidogo ule mzito, si beseni nzima. Msichome nyumbani wala jikoni, na sufuria ya kazi isirudi kupika bugali. Mama mwenye mimba na mtoto mgongoni wasikaribie kabisa. Msishike kwa mikono mitupu. Naweni mbele ya kula. Nguo za kazi zisilale pamoja na watoto. Chomeni ndani ya retoti, ni kusema chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopeleka moshi kupozwa ili zebaki irudi kuwa maji. Hata retoti inatumiwa nje, mbali na watu, na haifunguliwi mbele haijapoa. Na musizibe kifuniko chake na ile mastiki ya akriliki: haiwezi moto wa namna hiyo. Faida iko pia mfukoni: zebaki inayorudi ni zebaki ambayo hutanunua tena.

Lakini tusimtwike mchimbaji peke yake. Kodi ya kazi ya mwaka 2002, ile sheria ya kazi, inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Shida ni kwamba mchimbaji mdogo hana mkataba. Mwenye shimo anasema "mimi si mwajiri", mnunuzi anasema "mimi nanunua tu", muuzaji wa chupa anasema "mimi nauza tu". Dhahabu ina wenyewe wengi; mikono inayotetemeka ina mwenyewe mmoja.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Moja, chupa yoyote ya zebaki isiuzwe bila etiketi ya Kiswahili na alama ya kichwa cha mufu, na kooperative ikatae kuingiza shimoni chupa isiyo na etiketi. Mbili, kila chimbo linalotumia zebaki liwe na mahali pamoja pa kuchomea, mbali na nyumba, pamoja na retoti, na wanunuzi na wenye mashimo ndio walipe, juu faida wanaipata mbele ya sisi. Tatu, SAEMAPE, ambayo kazi yake ni kusaidia na kufundisha wachimbaji wadogo, iletewe njia na vyombo ili ifundishe kwa Kiswahili, pale pale shimoni, na waganga wa vituo vya afya wafundishwe kuuliza mgonjwa anayetetemeka: unafanya kazi gani?

Kama fundi wa madirisha ana haki ya kujua kitu gani kiko ndani ya tyubu yake, mchimbaji wa Wamaza naye ana haki ya kujua kitu gani kiko ndani ya chupa yake. Kesho muuzaji akileta chupa, wandugu, mbele ya kuuliza bei, mumuulize karatasi.