Mate si Undugu

Kuna aina ya insha tunayoipenda mno sisi watu wa vitabu. Mwandishi anakumbuka utoto wake: kiwanja cha vumbi, mpira wa makaratasi, miguu mitupu, na baada ya mechi chupa moja ya maji inayozunguka kwa watoto kumi na mmoja. Hapo anashusha pumzi na kutuambia kwamba ile ndiyo ilikuwa timu. Siku hizi kila mtu ana chupa yake, undugu umekufa. Tunasoma, tunatikisa vichwa, tunamtumia rafiki.

Insha hiyo mimi nimeiandika. Ilitoka gazetini miaka kadhaa iliyopita na watu waliipenda, mhariri wangu akasema ndiyo bora niliyoandika mwaka ule. Leo naikana. Naikana kwa sababu ni uongo, na uongo wenyewe ulimuumiza mtu ninayemjua.

Nacheza mpira Jumamosi asubuhi, Dar es Salaam, na timu ya watu wazima. Si timu ya ligi. Tuko madereva, walimu, mafundi simu, waandishi wawili watatu, na vijana wachache wa mtaani wanaotukimbiza hadi tunakaribia kuzimia. Tunachangishana hela ya mpira na ya chokaa. Maji yananunuliwa dukani, chupa mbili za lita moja na nusu, na wakati wa mapumziko zinazunguka chini ya mwarobaini. Unaweka mdomo, unapiga funda mbili, unampa wa pembeni. Hakuna anayefuta. Kufuta ni tusi.

Wakati ule tulikuwa na dogo mmoja, winga, mwanafunzi wa sekondari. Siku moja alikuja na chupa yake kutoka nyumbani, ya plastiki ya kawaida tu, iliyokuwa na juisi zamani. Tulimcheka wiki tatu. Bishoo huyo. Anajimwambafai. Eti mama kamwambia asinywe na wahuni. Wiki ya nne hakuja na chupa. Nilicheka nami, na kwenye insha yangu nikamwandika kama mfano wa kijana aliyefundishwa na timu maana ya kugawana. Tafadhali msiitafute.

Miezi michache baadaye ukaanza kuvuma uvumi kuhusu mwenzetu mwingine, beki wetu wa kati, mtu mpole kuliko wote. Eti ana ngoma. Eti kaonekana kliniki anachukua dawa. Hakuna aliyemuuliza, na haikuwa haki ya yeyote kumuuliza. Lakini Jumamosi iliyofuata chupa ilimruka. Alikaa pale pale anapokaaga siku zote, chini ya mwarobaini, miguu ameinyoosha. Aliyekuwa kulia kwake alikunywa, akaunyoosha mkono mbele ya kifua chake, akampa aliyekuwa kushoto. Hakuna aliyesema neno. Jumamosi iliyofuata mmoja wetu alifika na chupa ndogo mpya, imefungwa, akampa kwa mikono miwili: "Kaka, hii yako."

Fikiria hapo. Timu iliyosema chupa ya mtu binafsi ni ubishoo ilipata hela ya kununua chupa moja ya mtu binafsi. Iliinunua kwa ajili ya mtu mmoja tu, na kwa sababu ambayo kitabibu haina miguu wala mikono. Virusi vya Ukimwi haviambukizi kwa kuchangia chupa, kikombe, kijiko wala sahani. Jambo hili limeandikwa kwenye vipeperushi, limesemwa redioni na mashuleni tangu sisi tuliozaliwa miaka ya 80 na 90 tuko watoto. Tulilijua. Wengine wetu tumelifanyia vipindi. Na bado mkono ule uliruka.

Yule kaka alicheza Jumamosi tatu zaidi, kisha akaacha kuja. Ukimuuliza leo atakwambia ni goti.

Kwa hiyo mtu akiniambia chupa ya pamoja ni undugu, namuuliza undugu gani huo unaojua kuchagua. Chupa ile ilikuwa mtihani. Anayekunywa ni wetu, asiyetaka kunywa anajisikia, asiyetakiwa kunywa tunamnunulia yake. Tulikuwa tunaitumia kuhesabu nani yumo na nani hayumo, halafu tukiandika tunaita ukarimu.

Kichekesho kichungu ni kwamba tulipoogopa hapakuwa na cha kuogopa, na tulipojipiga vifua ndipo hatari ilipokuwapo. Mate hubeba vitu. Mafua na homa ya mafua, vijidudu vya koo, virusi vinavyoleta vile vidonda vya pembeni mwa mdomo, matubwitubwi, na hata bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ambao mtu mzima wa afya anaweza kuwabeba kooni bila kujua. Mwaka 2014 ligi ya hoki ya barafu ya Marekani ya Kaskazini, NHL, ilikumbwa na matubwitubwi. Wachezaji zaidi ya kumi waliugua, akiwemo nyota Sidney Crosby wa Pittsburgh Penguins. Hao ni watu wenye madaktari wa timu, watu waliochanjwa, wanaolipwa mamilioni. Wanakaa benchi moja, wanapumuliana, na chupa zipo pale mbele yao. Kama ugonjwa unapita huko, kwetu chini ya mwarobaini utashindwa nini?

Mfano wa karibu zaidi ni koo. Kuna bakteria anayeitwa streptokoka, anayeenezwa kwa mate na matone ya kikohozi, na anayependa hasa watoto wa umri wa shule. Kwa wengi ni maumivu ya koo ya siku chache. Lakini koo hilo lisipotibiwa, kwa baadhi ya watoto mwili hugeuka kujishambulia wenyewe, wakapata homa ya baridi yabisi ya moyo, na vali za moyo zikaharibika. Nchi tajiri ugonjwa huu wameusahau karibu kabisa. Sisi bado tunao, na ukifika vali ziko hoi dawa pekee inakuwa kisu cha mpasuaji, kama mgonjwa amebahatika kumfikia. Namkumbuka dogo wetu na chupa yake ya juisi. Katika timu nzima yeye ndiye aliyekuwa na umri wa kuogopewa zaidi, na ndiye tuliyemlazimisha.

Sitaki kutia chumvi. Mara nyingi chupa inazunguka na hakuna kinachotokea. Iliwahi kutokea kipa wetu akaja na koo linalouma, na wiki iliyofuata watu watano hawakuonekana kiwanjani. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa chupa. Tulikumbatiana pia, tulifokeana usoni kwa penalti ambayo mpaka leo nasema haikuwa penalti. Chupa ni njia moja kati ya nyingi. Ila ndiyo njia rahisi kuliko zote kuifunga, na ndiyo tuliyoamua kuipamba.

Najua jibu litakalokuja, maana nililitumia mwenyewe: huo ni uzungu, mila zetu ni kugawana. Haya, twende kwenye mila.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Tanga. Sebuleni kwake palikuwa na mtungi, juu yake kifuniko, pembeni imening'inia kata ya kifuu. Kata ile ilikuwa ya kutekea. Unateka, unamimina kwenye kikombe, unaitundika. Mtoto aliyetia mdomo kwenye kata alipigwa kofi la mkono, na kata ikaoshwa mbele yake ili aone aibu. Alikuwa na msemo wake: maji ya watu wote, mate ya mwenyewe. Bibi hakuwahi kusikia neno bakteria kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine. Mgeni asiyemjua alipewa maji kabla hajaulizwa jina, akapewa kikombe kilichosuuzwa. Hakuna aliyemwita bibi mchoyo.

Waislamu wa pwani wanazijua hadithi zinazokataza mtu kuweka mdomo kwenye kinywa cha kiriba, na kupumua ndani ya chombo anachonywea. Adabu hiyo ina karne kumi na nne. Nenda magharibi mwa Kenya au kwa Wateso, uwatazame wazee wanaozunguka chungu kimoja cha pombe. Chungu kimoja, ndiyo, lakini kila mzee ana mrija wake mrefu. Hiyo ni picha nzuri ya kugawana kuliko ile niliyoandika mimi: kinywaji cha wote, mdomo wa kila mtu kwake. Sitajifanya kwamba mila zote ziko hivyo. Wachagga huzungusha mbege kwenye chombo kimoja na wana heshima zao katika kufanya hivyo. Ninachokataa ni mtu kuchukua mazoea ya kiwanjani, yaliyozaliwa na uhaba wa hela na chupa za plastiki za dukani, akayavika kanzu ya mababu.

Na huo uzungu wenyewe, tuutazame. Wamarekani nao walikuwa na kikombe cha pamoja: cha bati, kimefungwa kwa mnyororo kwenye bomba la stesheni, la shule, la treni. Kila aliyepita alinywea hicho hicho. Mwaka 1908 profesa wa baiolojia Alvin Davison wa Lafayette College, Pennsylvania, alichapisha alichokiona kwa hadubini kwenye vikombe vya shule, na kilitisha. Mwaka 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku kikombe cha pamoja, na majimbo mengine yakafuata. Wafanyabiashara wa vikombe vya karatasi walishangilia, bila shaka, na kampuni tunayoijua leo kwa jina la Dixie Cup ilikua kutokana na hofu ile. Kwa hiyo walikuwa kama sisi, na walibadilika kwa sababu kuna watu waliosema hadharani jambo ambalo wenzao waliliona la kichoyo. Hakuna damu ya kabila lolote humo.

Jibu la pili lina uzito zaidi: si kila mtu ana hela ya chupa. Kweli. Lakini hoja hii sijawahi kuisikia kutoka kwa dogo mwenye chupa ya juisi iliyooshwa. Naisikia kwa watu wenye simu za laki tano. Chupa tupu haina bei, mtaani zimejaa, inataka kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Timu inayoweza kuchangia chokaa inaweza kununua dumu moja la lita 20, likawekwa kivulini, mtu mmoja mwenye mikono safi akamimina kwenye chupa ya kila mmoja. Andika jina kwa kalamu ya wino mzito. Anayesahau chupa amiminiwe kinywani kwa juu, mdomo usiguse. Tulipokuwa watoto tuliweza wote, na nusu ya maji iliishia kifuani, raha tupu. Mwenye koo linalouma au mafua abaki nyumbani, na akibaki asitukanwe kwenye kundi la WhatsApp. Chupa ya kujimwagia kichwani isiwe ya kunywea. Basi. Hayo ni mambo matano na hakuna linalohitaji mfadhili.

La sita ndilo gumu kwa sababu halinunuliki. Mtu akikataa kunywa chupa yako, usimtafutie sababu. Na mtu akiwa na ugonjwa ambao chupa haiuambukizi, usimnunulie chupa yake peke yake. Ama kila mtu ana yake, ama hakuna. Heshima ya chupa binafsi iko hapo: ikiwa ya wote haimnyooshei kidole yeyote. Laiti tungekuwa na chupa kumi na nne zenye majina siku ile, hakuna mkono ambao ungepita mbele ya kifua cha mtu.

Sasa narudi kwetu, wapenzi wa maandishi, maana sisi ndio tuliyoipa chupa ile hadhi. Tunapenda umaskini ukiwa mbali na una harufu ya mvua ya kwanza. Tunachukua kitu ambacho watu walikifanya kwa sababu hawakuwa na jinsi, tunakipaka asali, kisha anayepata jinsi tunamwita msaliti. Mwandishi wa insha ile anakumbuka chupa, lakini hakumbuki nani alikuwa wa mwisho kwenye mstari, aliyepokea maji ya uvuguvugu yenye mchanga na mate ya watu kumi. Mara nyingi ni mdogo kuliko wote. Ninapokutana na insha hiyo sasa, naitafuta habari ya huyo wa mwisho. Haimo. Na kwenye yangu haikuwamo.

Timu yetu ilibadilika, si kwa sababu ya makala yoyote. Ilikuja korona mwaka 2020 na watu wakaogopa, kila mtu akaja na chake. Hofu ilipopita, chupa mbili za pamoja zikarudi, ila si kwa wote. Leo tuko nusu kwa nusu. Nilimpigia yule beki wetu mwezi uliopita, nikamwambia kuna dumu siku hizi, na kila mtu ana chupa yake, mimi na wengine saba. Alicheka kidogo. Akaniuliza hao wengine je.

Sikuwa na jibu, ndiyo maana nimeandika.