TUAMBIWE HESABU YA WALIOKUFA SOMALIA



Askari wa Kenya walivuka mpaka kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule amekwisha kuwa kijana, na vita havijaisha. Jina tu ndilo limebadilishwa. Kwanza tuliambiwa ni Linda Nchi. Mwaka 2012 askari wetu wakatiwa katika jeshi la Umoja wa Afrika lililoitwa AMISOM, mwaka 2022 likaitwa ATMIS, na tangu Januari 2025 linaitwa AUSSOM. Sisi watu wa reli tunajua ya kuwa injini ikipakwa rangi mpya ni injini ile ile.

Nataka kusema juu ya maneno ya watu hapa Malaba na Busia, kwa sababu watu wamegawanyika, na hata katika chama chetu nimesikia ndugu wakitukanana kwa ajili ya vita hivi.

Wako wanaosema askari wakae huko huko. Hawa si wajinga, wala si watu wa kupenda damu. Wanakumbuka Septemba na Oktoba 2011, wageni walipotekwa nyara Kiwayu na Manda katika nchi ya Lamu, na wafanya kazi wawili waliokuwa wakiwahudumia wakimbizi wakachukuliwa Dadaab. Wanasema ya kuwa mwizi akiisha kuingia uani huwezi kumngoja mlangoni. Dereva mmoja wa lori aliniuliza, Mombasa ikishika moto, sisi wa Malaba tutauza chai kwa nani? Swali lake ni la haki. Mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo inatoka Mombasa, inapita hapa kwa reli na kwa malori, na watu wengi wa mpakani wanakula kwa mizigo hiyo.

Wako wanaosema askari warudi. Hawa wanahesabu Westgate, Septemba 2013, watu 67. Wanahesabu Mpeketoni, Juni 2014, watu zaidi ya 60. Wanahesabu Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, karibu wote wanafunzi. Lakini mimi nadhani sisi wa chama tungekumbuka zaidi habari za Mandera. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliteremshwa katika basi wakauawa, na ndani ya basi lile walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Siku kumi baadaye, wafanya kazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa usiku katika mahema yao. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa watu waliokwenda mbali kutafuta mshahara, kama vile wewe ulivyotoka kwenu ukaja kukaa karibu na reli.

Tena liko kundi la tatu, nalo halipendi kusema kwa sauti. Ni wazazi wenye watoto jeshini. Kijana aliyekwenda Somalia hulipwa posho juu ya mshahara wake, na kwa posho ile nyumba ya nyasi imekuwa nyumba ya mabati, na wadogo zake wamelipiwa karo. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, ambao ndio uliokuwa ukitoa fedha za posho hiyo, ulipunguza msaada wake kwa asilimia 20, na wazazi wakaumia ingawa vita vilikuwa vile vile. Ukimwambia mzee kama huyo ya kuwa askari warudi, yeye anasikia unasema karo irudi. Na siku ya kuandikisha askari wapya, vijana wanajaa uwanjani tangu alfajiri, wanavua viatu wapate kukimbizwa. Siwacheki. Kama kazi ingekuwako hapa, wengi wao wasingekuja uwanjani.

Mimi mwenyewe niko upande wa wale wanaosema warudi, kwa mpango na kwa tarehe inayojulikana. Lakini sitaki kugombana na mtu juu ya hilo leo, maana naona nusu ya ugomvi wetu si ugomvi wa vita, ni ugomvi wa hesabu. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu ilivamiwa El Adde. Walikufa wangapi? Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alisema ni karibu 200. Wakubwa wetu wakaikataa hesabu yake, lakini hawakutoa ya kwao. Mwaka uliofuata ilivamiwa kambi ya Kulbiyow. Jeshi likasema askari 9 wamekufa, na adui akasema ni makumi. Basi mtu wa kundi la kwanza huchagua hesabu ndogo, wa kundi la pili huchagua kubwa, na kila mmoja anamwita mwenzake mwongo. Wote wawili hawajui, na si kosa lao.

Sasa vuka daraja la Malaba uende upande wa pili. Uganda imo Somalia tangu Machi 2007, nayo ililia mapema kuliko sisi, maana mabomu ya Kampala ya Julai 2010 yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama mpira. Sisemi ya kuwa serikali yao husema kila kitu. Lakini kambi yao ya Bulo Marer ilipovamiwa Mei 2023, Rais Museveni mwenyewe alitoka akasema askari 54 wamekufa. Hapa kwetu Wateso wa huku na wa kule ni ukoo mmoja. Baba mmoja anaweza kuwa na mtoto katika jeshi la Kenya, na ndugu yake akawa na mtoto katika jeshi la Uganda. Yule wa ng'ambo aliambiwa hesabu. Huyu wa huku akauliza, akajibiwa ya kuwa ni mambo ya usalama.

Nakubali ya kuwa siku ya vita siri ni lazima. Lakini adui wa El Adde aliiona maiti kwa macho yake, akapiga picha akazitangaza. Miaka mingi baadaye, siri hiyo inafichwa nani? Behewa moja la saruji likikosekana kati ya Nakuru na Malaba, simu zinapigwa stesheni kwa stesheni, karatasi zinaandikwa, na mtu anaitwa ofisini kueleza. Kila behewa lina namba yake. Askari naye ana namba yake.

Jambo hili si geni kwetu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi ya risasi, na hata leo hakuna ajuaye hesabu yao kamili. Limebaki jina la Kariokor huko Nairobi, na sanamu tatu za shaba katika Kenyatta Avenue zisizo na jina la mtu hata mmoja.

Wengine watauliza, chama cha wafanya kazi kinaingiaje katika mambo ya jeshi? Mfanya kazi wa reli akifa kazini, sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa, na chama kitamfuata mpaka mjane alipwe. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 haiwagusi wanajeshi, na askari hana chama. Asipokuwa na wa kumsemea, tunaweza kumsemea sisi tulio ndugu zake.

Neno jingine dogo. Madereva wa Kisomali wanaopita hapa na mizigo, na wenye vibanda vya chakula karibu na foleni ya malori, si adui zetu. Mwaka 2014 Wasomali wengi walifungiwa katika uwanja wa Kasarani bila hatia. Yule anayemwita dereva mwenzake gaidi kwa sababu ya uso wake, asilete maneno hayo katika mkutano wetu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 240, inasema ya kuwa askari hawapelekwi kazi za nje bila kibali cha Bunge. Kwa hivyo Bunge lina haki ya kuuliza. Naomba tawi letu liandike barua kwa wabunge wa Teso Kaskazini na Matayos, waulize Bungeni mambo mawili tu: wamekufa askari wangapi tangu Oktoba 2011, na wajane wangapi wamekwisha kulipwa. Aitiwe sahihi na wa kundi la kwanza, na wa pili, na wa tatu. Nakala moja ipelekwe kwa ndugu zetu wa reli wa Tororo.