Kiingereza cha Madhabahuni na Kiingereza cha Ikulu

Kuna rai inayozidi kuenea miongoni mwa ndugu zetu wa mapambano, ya kwamba kujifunza Kiingereza ni kujikomba kwa mkoloni, na kwamba raia anayedai haki yake yamtosha Kiswahili. Kiswahili nakipenda, na ndicho niandikacho hapa. Lakini rai hiyo siiafiki, na sababu zangu ni za mahakamani. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai imetamka kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kiswahili kimeruhusiwa katika mahakama za chini tu. Ni kweli kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imezifanya lugha zote mbili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo hati ya mashtaka na mswada wa sheria vingali vikiandikwa kwa Kiingereza mara nyingi mno. Mtu asiyelijua neno aliloshtakiwa nalo atajitetea kwa lipi?

Nasema hasa juu ya maneno ya dini na ya utawala, kwa kuwa katika Kiingereza maneno hayo yalilelewa nyumba moja, na mara nyingi hula sahani moja hata leo. Chukua neno "minister". Huyu ni mchungaji wa kanisa, na huyu pia ni mkuu wa wizara. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mtumishi. Sisi tulichukua waziri kutoka Kiarabu, neno ambalo wengi hulieleza kuwa ni mbeba mzigo. Mtumishi na mbeba mzigo! Angalia jinsi maneno yote mawili yalivyopanda gari lenye bendera. Katiba ya 2010 imeliondoa neno hilo la Kiingereza na kuweka "Cabinet Secretary", lakini katika Kiswahili cha kila siku waziri amebaki waziri.

Neno "power" lina hatari zaidi. Kiswahili kinatenganisha nguvu, uwezo, mamlaka na madaraka. Mwizi ana nguvu, hana mamlaka. Kiingereza hukusanya yote hayo chini ya neno moja, na msemaji mjanja aweza kuanza sentensi akiwa na rungu na kuimaliza akiwa na haki, wala msikilizaji asitambue alivukia wapi. Ndiyo maana sisi mawakili tukipinga amri ya mkubwa hatuulizi kama alikuwa na askari wa kutosha. Tunauliza kama sheria ilimpa mamlaka hayo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye usemi "the powers that be". Kwa matumizi ya leo maana yake ni wakubwa walioko, na husemwa kwa kejeli kidogo. Usemi huo ulitoka katika Agano Jipya alilolifasiri William Tyndale kutoka Kigiriki na kuchapishwa mwaka 1526, katika Waraka kwa Warumi, sura ya 13. Wasomaji wenye umri wataikumbuka sura hiyo vizuri. Katika miaka ya utawala wa chama kimoja, viongozi wa dini walipokemea kura ya mlolongo ya 1988, walikumbushwa Warumi 13 na watu ambao hawakuonekana kuzisoma sura nyingine kumi na tano za waraka huo. Neno la Kigiriki lililotumika mahali hapo ni la mamlaka, yaani uwezo uliokabidhiwa na wenye mipaka, wala si neno la nguvu tupu. Naye Tyndale mwenyewe hakuwa mwasi: kitabu chake cha 1528 kilihimiza raia wamtii mfalme. Mwaka 1536, huko Vilvoorde karibu na Brussels, alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto. Mtu aliyewapa Waingereza jina la wenye mamlaka aliuawa na wenye mamlaka.

Ni Tyndale huyohuyo aliyebuni neno "scapegoat" katika tafsiri yake ya 1530. Tunapolifasiri kuwa mbuzi wa kafara twateleza, kwani katika Mambo ya Walawi mbuzi walikuwa wawili. Mmoja alichinjwa, wa pili alibebeshwa dhambi za watu akapelekwa jangwani akiwa hai. Afisa mdogo anayefukuzwa kazi ili mkubwa wake asiguswe ni yule wa pili. Na jangwani, wakati mwingine, huwa ni cheo katika shirika la umma.

Lakini kuna mahali Kiswahili chetu ndicho kilichotusaliti. Kiingereza kilimwita rais "His Excellency", ambalo kwa asili halizidi kumsifu mtu kwa ubora. Watafsiri wetu wakaleta Mtukufu. Kwa miaka mingi redio ilitutangazia Mtukufu Rais, wakati utukufu ni neno tunalolitamka tukiwa tumefumba macho, na ndugu zetu Waislamu hulitumia kwa mwezi wa Ramadhani. Kosa hilo hakulitenda Mwingereza. Nalo neno "Lord", ambalo mawakili tulizoea kumwita jaji, asili yake ya kale ni mlinzi wa mkate. Laiti kila aliyeitwa hivyo angeulizwa mkate uko wapi!

Waumini wa Nairobi wanalo neno jingine la kujifunza, nalo ni "sanctuary". Maana yake ni patakatifu pa kanisa. Tena ni kimbilio ambamo mtu hakamatwi. Mwezi wa Machi 1992, polisi walipowatimua kwa nguvu akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa wakifunga kula katika bustani ya Uhuru Park, akina mama hao walihamia katika Kanisa Kuu la All Saints na kukaa huko hadi mwaka uliofuata. Wengi wakaamini kwamba sheria iliwalinda humo. Haikuwalinda. Uingereza yenyewe iliifuta haki hiyo ya kimbilio katika enzi ya Mfalme James wa Kwanza, na tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika kanisa hilohilo na kuwapiga watu waliokuwa wakiabudu. Kilichowalinda akina mama mwaka 1992 ni aibu ambayo serikali ingeipata mbele ya watu, pamoja na msimamo wa makasisi waliowafungulia mlango. Anayejua maana zote mbili za neno hilo hatautegemea ukuta.

Neno la mwisho ni la kesi. Kanuni ya Adhabu ilikuwa na kosa la "sedition", uchochezi, na ndani yake mlikuwa na neno "disaffection". Likitazamwa lilivyo, ni hali ya kutokuwa na mapenzi. Raia wa Kenya aliweza kufungwa kwa kuwafanya wenzake wasiipende serikali! Mohandas Gandhi alishtakiwa kwa neno hilohilo huko Ahmedabad mwaka 1922, akakiri kosa, akahukumiwa kifungo cha miaka sita. Kwetu vifungu hivyo vilifutwa mwaka 1997. Lakini miaka yote ile hati zilisomwa kizimbani, karani akasema "uchochezi", na mshtakiwa akakana kwamba hakuwasha moto wowote, kumbe alikuwa akiulizwa habari za mapenzi.

Kwa hiyo vikundi vya parokia vinavyofundisha katiba vianze na vifungu vya 8 na 32, kile kisemacho kwamba hakuna dini ya taifa na kile cha uhuru wa dhamiri. Nakala ya Kiingereza iwekwe kando ya ile ya Kiswahili, na kila neno lisilokaa sawasawa na mwenzake lipigiwe mstari. Kazi hiyo haihitaji wakili, yahitaji kalamu na Jumamosi mbili tatu.