Maumivu yasiyoonekana

Huku Kabambare mama akiumwa mwili mzima miezi na miezi, bila kidonda, watu wanasema ni mvivu, ao amerogwa. Hapana! Apimwe kwanza. Pengine ni fibromialjia, na maumivu yake ni ya kweli.

Wengine wanavaa visikilizio vya simu: sikio moja sauti ya kutetema mara 200 kwa sekunde, la pili 210. Ubongo unasikia mapigo 10, na wanasema unayafuata, unatulia. Uthibitisho bado mdogo. Zikikuletea usingizi, vema. Lakini usiuze mbuzi sababu ya sauti. Kutembea kidogo kila siku kunasaidia zaidi, tena bila feza.

Na wewe baba unayerudi machimboni, akisema anaumwa, umusadiki, ukateke maji.