Majengo Hayahitaji Picha, Yanahitaji Daftari la Wazi



Kila likidondoka jengo Mji Mkongwe, simu zetu huku ughaibuni hujaa picha na vilio. Halafu huja mtaalamu na ahadi: tutarusha droni, tutaihifadhi historia kwenye kompyuta. Mimi nasema hapana. Picha haimpi fundi ruhusa ya kupandisha boriti, wala haimpi mtoto chumba cha kusomea.

Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, ikatangulia Zanzibar nzima kwa umeme na lifti. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Tarehe 25 Disemba 2020 ikaanguka tena, watu wawili wakafa. Je, ilikosa kupigwa picha? Kuna jengo gani Unguja lililopigwa picha kuliko hilo?

Wala msidhani Wazungu ni malaika. Hapa Winson Green, Birmingham, ninapoishi, lango la nyumba ya mafukara iliyofunguliwa 1852 lilibomolewa 2017, licha ya watu kulitetea. Kamera zilikuwepo, intaneti ilikuwepo.

Lakini lipo la kuiga. Uingereza, kwa ada ndogo, mtu yeyote anaweza kuuliza kwa intaneti jengo lililosajiliwa ni la nani. Orodha ya majengo ya kihistoria yaliyo hatarini hutolewa hadharani kila mwaka. Na kwa sheria ya 2011, jengo likishaorodheshwa kuwa lina faida kwa mtaa, mwenyewe akitaka kuliuza, wanamtaa wanaweza kupata miezi sita ya kuchangishana walinunue.

Kwetu je? Nyumba hii ya serikali, ile ya wakfu, ile ya warithi waliotawanyika Maskati, Dar es Salaam na London. Raia wa kawaida atayajulia wapi hayo? Teknolojia ianze hapo: nyumba kwa nyumba, iandikwe ni ya nani, nani anakaa, paa likoje, ilikaguliwa lini. Iliyo tupu itangazwe, mtaa uombe iwe madrasa, zahanati au karakana ya vijana. Kulisoma daftari hilo, simu ya mkononi yatosha.

Anayeliogopa daftari la wazi anaogopa swali moja tu: kwa nini nyumba hii imefungwa? Basi na sisi wa nje, kabla ya kutoa pauni moja ya mchango, tudai daftari kwanza. Mchango bila daftari ni kutia maji kwenye pakacha.

Nawasilisha.