Kabla Ununue Pampu Kubwa, Shika Ndoo

Wasee, ukisema tu kompyuta yako ya maji inachemka, kila mtu ana jibu moja: nunua pampu kubwa. Hakuna anayeuliza maji yanabanwa wapi.

Mimi karibu niingie huo mtego. Nilikuwa nimefunga bloki ya prosesa ya mtumba. Nikirenda video, joto linapanda hadi digrii 95 na mashine inaanza kukokota. Na video ndiyo kodi yangu ya nyumba. Muuzaji akanitajia pampu ya elfu kumi na mbili. Nikamwambia, ngoja kwanza.

Nikaenda nyumbani, nikafungua kila kitu. Pampu ikavuta maji kwa ndoo, mpira ukamwaga kwa mtungi wa lita 5, simu ikahesabu sekunde. Mdomo wa mpira lazima ukae urefu uleule kila mara, na ndoo iwe imejaa vilevile, la sivyo unajidanganya. Boksi ya pampu inasema lita 800 kwa saa, lakini hiyo ni namba ya pampu isiyosukuma kitu. Mpira mtupu: sekunde 30. Na rejeta: 33. Nikaweka bloki: 150! Hapo ni lita 2 tu kwa dakika.

Niliacha chuo, lakini hii nilitoka nayo: ukitaka maji mara mbili kwenye njia ileile, unahitaji msukumo karibu mara nne. Sasa hiyo pampu ya elfu kumi na mbili ingenisaidia nini?

Bloki nikaifungua. Katikati ya mapezi ya shaba kulikuwa na utando mweupe, ile takataka inayotoka kwa mipira laini ya plastiki. Mswaki, sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu. Nikapima tena: sekunde 75. Joto sasa ni 78.

Lakini msikimbilie bloki inayopitisha maji mengi zaidi. Mapezi membamba hubana, ndiyo, na ndiyo pia yanayotoa joto. Na maji yakishatosha, kuongeza mengine hakushushi digrii za maana. Hapo kazi ni ya rejeta na feni. Ninachotaka ni namba. Rivyu ikisifu taa dakika kumi bila kupima maji hata mara moja, hilo ni tangazo, buda.

Ndoo bado iko hapa kando ya meza. Mwenye bloki anayetaka tuipime, akuje nayo. Mswaki aje na wake.